Waliochukua Mashine ya Salfa

Mjomba mpendwa,

Nadai hivi, na nitalitetea dai hili mbele ya yeyote: nchi haifukarishwi na ukubwa wa serikali peke yake, bali na serikali iliyo kubwa mlangoni pa mkulima na ndogo shambani kwake.

Umeandika gazetini, kutoka huko Dar es Salaam, kwamba Nachingwea ni maskini kwa sababu wazee wetu walikuwa wavivu. Baba yangu alikuwa shemeji yako. Hukumtaja, lakini nimemwona katika kila mstari.

Wewe ndiwe uliyenipeleka jandoni na kunibeba begani siku ya kutoka. Ulinifundisha kusoma kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa sukari. Kwa hiyo iliniuma zaidi asubuhi ile ya miaka ya tisini ulipofika kwetu Chiola, hukohuko Nachingwea, ukiwa mtendaji wa kata, na mgambo wawili, kudai kodi ya maendeleo.

"Leo utakohoa hela, mzee!" mmoja alicheka, akampiga baba teke la tumbo.

Baba hakuwa nazo. Mikorosho ndiyo kwanza ilikuwa inachanua. Mkaiona mashine ya kupulizia salfa. Baba akaikumbatia.

"Shemeji, ugonjwa wa ubwiri umeshaingia kwenye maua. Mkiichukua hii, msimu huu mtakusanya majani."

"Serikali haina shemeji."

"Haina shemeji, ila ugali wa dada yako inaujua!"

Ukawaashiria mgambo kwa kichwa. Rungu likashuka juu ya mkono wake; nikasikia mfupa ukikatika. Likashuka tena palepale. Mama alikulaani kwa Kimwera mpaka sauti ikamkauka, na damu ya baba ikachuruzika juu ya unga wa njano uliomwagika.

Mkaondoka na mashine, na ubwiri ukala maua yote. Hatukuuza korosho, nayo halmashauri yako haikupata ushuru. Mlivunja mkono uliopuliza dawa, leo mnauita mvivu.

Wenzangu wa chuo kikuu hunijibu kwamba serikali ipunguzwe tu, nchi itastawi. Ilipunguzwa, Mjomba. Aliondoka bwana shamba, mgambo wakabaki.

Ningali nakupenda, na hasira yangu haipoi kwa sababu hiyo. Baba alizikwa na mkono uliopinda. Sitakubali azikwe mara ya pili na jina la uvivu.

Nijibu katika gazeti lilelile, kwa jina lako kamili: nani aliifukarisha Chiola?

Mimi, mpwa wako,
mtoto wa dada yako