Kisanduku cha Mume na Muke

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Leo mimi njo nimeendesha ordinatere, ile kompyuta ya utafiti wa malaria. Peke yangu! Madokta wamebaki kinywa wazi.

Uongo. Dokta hakuwako hata mumoja. Sifa, enfirmiye, yaani muuguzi wetu, alituita sisi tuliomeza dawa mpya, atuonyeshe matokeo. Mashine yake haiombi masomo: unavuta kisanduku kwenye kioo kwa kidole, unaachilia, tablo ya hesabu inajijaza yenyewe. Majina hayamo. Nikavuta "vidonge", nikavuta "dawa katika damu". Watu wakapiga makofi. Shule yangu iliishia mwaka wa tatu, lakini kidole changu kiko na diplome.

Halafu tablo ikatoa muntu mumoja: vidonge amemaliza vyote, katika damu dawa ni nusu tu. Wote wakamgeukia mwenzetu Mama Sakina, kwa sababu zamani aliuza dawa sokoni.

Nikamuuliza, "Mama, nusu ingine ulipika na majani ya sombe?"

Kicheko. Akavuta kitambaa usoni, akatoka. Sifa akafunga mashine kwa hasira.

Muntu yule ni mimi.

Jumanne, tarehe 6

Nusu alimeza rafiki yangu Ramazani. Wakati wa vita tulikimbia pamoja njia ya Lubutu, homa ikanikamata porini. Alikuwa na vidonge kidogo vya kinini. Akakata kila kidonge kwa meno: nusu yake, nusu yangu. Tangu siku ile dawa ya mumoja wetu ni ya wawili. Ningemezaje peke yangu, naye anatetemeka kwa homa mlangoni pangu?

Kwa hiyo sina haya.

Alhamisi, tarehe 8

Haya ninayo. Kisanduku cha "mume/muke", cha kutenga wanaume na wanawake, kilikuwa chini ya kidole changu. Ningekivuta tu, Mama Sakina angekuwa safi mbele ya wote. Nilikiona. Nikachagua mzaha.

Leo nimepita mtaa wa Mikelenge. Meza yake ya mihogo iko tupu. Watoto wanamuita Mama Nusu. Jina hilo nimelizaa mimi. Mzee mzima, ulimi wa mbuzi.

Ijumaa, tarehe 9

Baada ya sala nimeenda kwa Sifa. Nikaomba mashine. Nikavuta kisanduku kile. Mume: mumoja. Muke: hakuna.

"Muntu yule njo mimi," nikasema.

Nilingoja matusi. Akasema tu, "Ah, Muzee! Na sisi tunajiuliza kama dawa ni dhaifu." Hatanifuta katika utafiti. Ataandika kwamba nilimeza nusu. Halafu akauliza nusu ingine iko wapi. "Mulete huyo rafiki apimwe. Kama ingemudhuru?"

Hiyo sikuiwaza hata kidogo. Matusi yangekuwa afadhali.

Jumamosi, tarehe 10

Mvua. Ramazani amepimwa, yuko salama. Anacheka. Mimi sichekeshwi.

Ramazani, kinini ya porini nimelipa, na kilichozidi ni deni lako. Dogo tu. Kesho tufuatane kwa Mama Sakina. Kuomba radhi, nitaomba mimi. Wewe unipigie hodi.