Pipa la Maji la Direkta

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya tano zizini. Saa mbili asubuhi niko kwenye kiti. Kila baada ya dakika tano natazama mbuzi wote, mmoja mmoja, natia alama: amesimama, amelala, anakula, anakunywa, anapigana. Ndiyo kazi yote. Mtoto wa darasa la pili angeiweza, mradi aachwe aifanye.

Mimi siachwi. Kwanza kiti. Nilikuja na kigoda changu. Mama Zaituni, mke wa mwenye mbuzi, amekiondoa na kuniwekea kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa cha maua. Kisha chai. Kisha mikate ya mafuta, moto, imefunikwa sahani. Nikisema nitakula baadaye, anasimama na sahani yake mbele ya macho yangu mpaka nipokee. Mara nne leo nimekosa kutia alama.

Na mbuzi wameogeshwa tena. Wana povu masikioni. Nimekuja kuona mbuzi wanavyoishi, nimewekewa maharusi. Nimemwomba Mama Zaituni kwa upole, mara ya tatu, wasiogeshwe.

"Mugeni hawezi kukuta bitu bichafu, mama Dokta."

Mimi si daktari. Hilo nalo nimelisema mara tatu.

Jumatano, 6 Agosti

Hawakuogeshwa. Mungu ni mwema.

Niandike upya kwa nini niko huku, maana leo nilijiuliza mwenyewe. Tata Ramazani, mume wa Mama Zaituni, analeta mbuzi kwa lori kutoka Kasai na kuwauzia watu wa Manika. Wanafika wamechoka, miguu imekufa ganzi. Anawapa majani. Anawapa maji kwenye pipa lililopasuliwa katikati, kule pembeni mwa zizi. Hata hivyo wanakonda, na wengine wanakufa kabla mnunuzi hajafika. Siku ya kwanza aliniambia, mkono kifuani: nitafutie sababu tu. Si dawa. Sababu.

Mimi ninatafuta tasnifu. Profesa anataka kurasa zangu mwisho wa mwezi huu, la sivyo sitetei mwaka huu. Mwaka juzi nilijifungua. Mwaka jana mume wangu aliugua. Nina miaka arobaini na tatu, na vijana niliowafundisha kushika sindano ya ng'ombe sasa wanaitwa mainjinia wa mifugo.

Mama Zaituni ana sababu yake tayari: "Mbuzi hainywake mayi mingi. Njo vile Mungu aliiumba." Sikubishana. Lakini wanakunywa, naona kwa macho yangu. Yule jike wa kahawia aliyekuja na lori la mwisho, niliyemfunga kitambaa cha buluu shingoni, Jumatatu alikunywa mpaka nikachoka kumtazama. Wanapokezana pipa kama wanafunzi wa masista. Utulivu mtupu.

Direkta hayupo tangu siku ya pili. Ni yule beberu mwenye pembe zilizopinda aliyenipiga kichwa nilipoingia mara ya kwanza. Ameuzwa, nadhani. Sikuuliza. Sikusikitika pia.

Jumatatu, 11 Agosti

Mmoja amekufa. Nimemkuta karibu na ukuta, amefunikwa gunia. Jumatatu iliyopita pia walimkuta mmoja, kabla sijafika.

Nimefungua daftari. Alhamisi, mbuzi huyu huyu alikula, akanywa, akalala vizuri. Kwa karatasi zangu yu mzima kuliko mimi. Nimejikuta nimemkasirikia mbuzi mfu kwa kuniharibia kurasa. Nimefikia huko.

Chai ilikuja saa tatu. Niliinywa yote.

Alhamisi, 14 Agosti

Ujumbe wa Profesa kwenye simu. Ameona kurasa nilizompigia picha. Hakuna salamu. Anauliza kwa nini mbuzi wanakunywa zaidi Jumatatu kuliko Alhamisi.

Nimejibu: joto.

Amejibu: joto linajua Jumatatu?

Mtu yuko Lubumbashi, ofisini, feni inamzungukia kichwani. Mimi niko huku na vumbi la malori ya mgodi wa Mutoshi kwenye meno. Niliandika kwamba ni vumbi, nikafuta. Niliandika kwamba ni aina ya majani, nikafuta. Nakuja Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Mbuzi hawajui kalenda. Ukweli ni kwamba sijui, na kutojua kunaniwasha kama upupu.

Nimerudi nyumbani bila miwani. Nimeisahau kule kwenye kiti cha maua.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekasirika mchana kutwa. Niandike taratibu.

Baada ya misa nilichukua taxi-moto, pikipiki ya kukodi, niende kuchukua miwani yangu. Viatu vya kanisani, kitenge kipya. Sikumwambia mtu kwamba naenda. Geti lilikuwa wazi.

Direkta alikuwa zizini.

Amesimama mbele ya pipa, ubavu wote umeliziba. Hanywi. Amesimama tu. Mbuzi wengine wamebanana kwenye ukuta wa mbali. Mmoja akipiga hatua mbili, yeye anageuza pembe, basi, anarudi. Yule wa kitambaa cha buluu alikuwa ameinama kwenye waya wa zizi, mkabala na bomba la nje. Ameingiza mdomo kwenye tundu la waya. Alikuwa analamba tope.

Niliita. Mama Zaituni akatoka mbio huku anafunga kitambaa cha kichwa. Aliona aibu kweli. Lakini si kwa ajili ya maji. Aliona aibu kwamba nimemkuta Direkta hajafungwa. Akamshika pembe, akamkokota nyuma ya jikoni, kwenye mparachichi. Kamba ilikuwepo tayari pale. Shina limechubuka kwa kamba.

Kumbe kila siku ninayokuja anafungwa pale kabla sijafika. Nikiondoka anafunguliwa. Siku nisizokuja, zizi ni lake. Na hajawahi kuuzwa. Yeye ndiye anayepanda lorini na kuwashusha mbuzi wageni. Bila yeye hawashuki. Manika nzima inajua kwamba Direkta hauzwi. Isipokuwa mimi, mtafiti.

Nilimuuliza Mama Zaituni kwa nini hakuniambia. Alinitazama kama mtu anayeogopa kumvunjia mwenziwe heshima.

"Ni weye ulisema, mama Dokta. Ile siku ya kwanza ulipanda ku ukuta, ulilia nguvu, ulisema, 'Muondoe hii mbuzi.' Tukaondoa. Mugeni hapigwake mara mbili."

Ni kweli. Nilipanda ukutani. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Hata humu, ambamo hakuna anayesoma, niliandika tu kwamba alinipiga kichwa.

Miwani nimeisahau tena.

Jumatatu, 18 Agosti

Sikulala vizuri. Kurasa zote hizi ni za kuwashia mkaa. Nimetazama wiki tatu nzima zizi ambalo halipo.

Niandike na hili. Asubuhi nilifikiri kunyamaza. Kurasa ni safi, safu zimejaa. Ningetia sentensi mbili juu ya joto, Profesa angenung'unika, ningetetea, ningeitwa injinia. Nani angejua? Mama Zaituni asingesema kamwe. Angeona ni kunifedhehesha.

Lakini Tata Ramazani aliniomba sababu, na sababu ina pembe. Nilimwambia yote, pamoja na ukuta na kelele. Alianza kucheka, taratibu, bega likitikisika. Halafu akaacha. Akatazama pale tulipokuta yule wa gunia.

"Balikufa na kiu? Na mayi iko pale?"

Nikasema ndiyo, nadhani hivyo. Alikwenda mwenyewe kutafuta pipa la pili na mtu wa kulipasua.

Nimemwandikia Profesa: kurasa hazifai, beberu alikuwa amefungwa kwa sababu yangu, naanza upya. Nimemsimulia na ukuta. Nikazima simu kabla hajajibu. Nimelia. Kisha nimekasirika kwamba nimelia.

Jumanne, 19 Agosti

Jibu la Profesa: "Kutetea ni mwakani. Andika yote katika sura ya mbinu. Hata kelele."

Mwakani. Nitakuwa na arobaini na nne. Nilipika bugali leo, ikaungua chini, watoto wakala bila kuniuliza kitu. Wananijua.

Ningependa kumchukia mtu. Nimejaribu kumchukia Mama Zaituni, na siwezi. Alinipa kiti chake kizuri.

Jumatatu, 25 Agosti

Siku ya kwanza.

Kigoda changu. Mapipa mawili, moja kila mwisho wa zizi, yametenganishwa na rundo la majani. Mama Zaituni ameketi kizingitini, birika limefunikwa kitambaa mapajani. Tumekubaliana: chai ni saa sita, kazi ikiisha. Miwani ninayo.

Juu ya ukurasa nimeongeza safu moja ambayo haikuwepo: Direkta yupo. Nimetia alama.

Saa mbili na dakika ishirini alikuja kwangu. Alinusa goti. Pembe zilikuwa karibu na mkono wangu wa kuandikia. Mama Zaituni akainuka nusu, nikamwonyesha kwa kiganja akae. Nikabaki kwenye kigoda. Baadaye akachoka nami, akaenda kuziba pipa lake.

Kule mwisho mwingine, wa kitambaa cha buluu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akainamisha kichwa.

Saa mbili na dakika thelathini: anakunywa.