Jina la Ule Mmea wa Paani

Nyumba ya Mhunzi,
Nether Combe,
Somerset, Uingereza.
Tarehe 10 Juni, 1956.

Mpendwa mdogo wangu Reuben,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, na kabla ya yote nauliza hali yako. Je, mgongo umepona? Percy alisema mlipoonana huko New Zealand ulikuwa unatembea kama mtu aliyebeba fuawe la Baba. Na wifi yangu Ngaire hajambo? Watoto je? Huko kwenu sasa ni baridi, nasi huku ndiyo kwanza tunakata nyasi za mifugo. Mpaka leo sijazoea kwamba jua likiwa letu haliwi lenu. Jifunike vizuri. Una miaka thelathini na saba, lakini kwangu mimi bado ni yule mtoto wa kutoka nje bila viatu.

Sisi tu wazima, isipokuwa Mama, ambaye habari zake ziko hapo chini, na usiruke mistari kuzifuata. Mume wangu Horace anakusalimu. Bado anajitia fundi wa redio, na redio bado inakohoa. Stroberi zimezaa kupita kiasi mwaka huu. Nimepika jamu hadi majirani wananikwepa njiani wasije wakapewa chupa nyingine.

Sasa kaa kitako, maana ninalo jambo.

Percy wa Shangazi Maud alipotutembelea mwezi wa pili, nilimwuliza kwa nini wewe unaniandikia mimi tu, na Mama humwandikii hata salamu. Akajikuna shingo, akamaliza keki yangu kwanza, ndipo akasema.

“Dada Vina, mwenzio ana donda. Anasema siku aliyoondoka alimwuliza mama yenu anamchagua nani, yeye au mzee. Mama akamjibu waziwazi, karibu nyumbani mume wangu, hata ukilewa.”

Nilikasirika, Reuben. Si wewe niliyekukasirikia, ni Mama. Kwa majuma kadhaa nilimpelekea chai nikiwa nimenuna, naye akaniuliza kama meno yananiuma. Nilijiambia, mzazi gani humwambia mwanawe maneno kama hayo, tena mtoto mwenyewe ana mkono umeungua na mfuko begani? Sikumwuliza kitu. Baba amekwisha kufa, nikaona nisifukue makaburi.

Basi mwezi uliopita birika lilimteleza Mama, maji ya moto yakamwunguza kiganja. Nikakimbilia siagi.

“Weka siagi yako, hapa hatukaangi mayai,” akasema. “Panda kigoda uniletee Karibu-nyumbani-mume-wangu-hata-ukilewa.”

“Mama, unasema nini?”

“Ule mmea wa paani. Kwani kiziwi ni mimi au wewe?”

Ni ule mmea, Reuben. Ule wa juu ya kibanda cha makaa, wenye majani manene yaliyojipanga kama ua la waridi, ambao sisi tumeuita ndevu za radi tangu tuanze kusema. Tuliuita hivyo kwa sababu Baba aliuita hivyo. Aliamini kabisa kwamba nyumba yenye mmea huo haipigwi na radi. Kasisi naye aliuita kijani-daima, na unakumbuka alivyotuchosha kwa hadithi ya mfalme wa kale wa ng'ambo aliyeamuru kila mtu aupande juu ya paa lake. Sikujua kuwa una jina la tatu. Nilisimama juu ya kigoda na majani mkononi mpaka Mama akaniita akidhani nimeanguka.

Mama ni mtu wa Dorset, na anasema huko kwao wanawake wote waliujua kwa jina hilo refu. Alipoolewa hapa alilitaja mara moja tu mbele ya Baba. Unamjua Baba, alipenda kutania watu, lakini mkuki kwa nguruwe. Akalipiga marufuku lisitamkwe tena chini ya paa lake. Kwa hiyo Mama alilisema alipokuwa peke yake, au pamoja na shangazi zetu wa upande wake. Sisi watoto hatukulisikia.

Unajua nisivyoweza kutulia na neno. Jumapili ile, baada ya ibada, nikawauliza wanawake wenzangu. Laiti nisingeuliza. Bi. Tuckett akasema jina hilo si la mmea huo kabisa, ni la kijimea kingine chenye maua ya manjano kinachotambaa ukutani, na watu wa Dorset tangu lini wakajua majani. Bi. Pring akasema kwao Devon kamwe si hivyo, mmea wenye jina hilo ni ule unaojikunja juu ya mlango, hata mume akirudi amechelewa lazima ainamishe kichwa kuingia.

“Na ni jina la baraka,” akasema Bi. Tuckett. “Mume ni mume.”

“Baraka ya wapi?” akajibu Bi. Pring. “Hicho ni kijembe, mama. Anamwambia karibu, na ufagio kaushika nyuma ya mgongo.”

Niliwaacha wakibishana penye lango la kanisa, Horace akinivuta mkono kwa sababu ya njaa. Nilipofika nyumbani nikamwuliza Mama kati yao nani amepatia. Alicheka kidogo tu.

“Wote hawajapatia,” akasema. “Kwetu tulilisema tukicheka, lakini sisi ndio tuliokuwa tunajipaka. Mume akirudi amelewa, asubuhi yake unataka dawa ya kuungua na dawa ya uvimbe. Ndiyo maana kwetu ulipandwa karibu na mlango. Unyooshe mkono tu.”

Nilimtazama mama yetu, Reuben. Miaka yote tumeutazama mmea ule tukidhani unatukinga na radi ya mbinguni.

Hapo ndipo nikamweleza aliyoyasema Percy. Ilinibidi niyarudie kwenye sikio lake la kulia, kwa sababu la kushoto limekufa. Tulidhani ni uzee. Sivyo. Lilikufa usiku ule Baba alipokusukuma kwenye moto wa tanuri, na yeye akajitia kati. Kofi lililokuwa lako lilimpata yeye sikioni. Hakumwambia mtu mpaka siku hiyo, na sisi tukamwita mkaidi kwa kuwa tukimwita haitiki.

Asubuhi yake alikuwa juu ya kigoda, anakuchumia wewe dawa ya mkono. Wewe ulisimama nyuma yake, upande wa kushoto, na mfuko wako.

“Nilimsikia akiniuliza, unachuma nini?” Mama akasema. “Kichwa changu kilikuwa kinavuma kama mzinga wa nyuki, lakini hilo nililisikia, yaliyofuata yakapotea. Nikamtajia jina, jina la kwetu, maana baba yenu alikuwa amelala na hakuna wa kunikataza. Nilipogeuka nimpe majani, hayupo. Nikadhani ameona haya kulia mbele yangu.”

Wewe uliuliza unachagua nani. Yeye alisikia unachuma nini. Yaseme maneno hayo, ndugu yangu, ukiwa uani kwako na upepo unavuma, na ujizibe sikio moja, halafu uniambie kama wewe ungeyatofautisha.

Alishuka kigodani akatembea hadi njia panda na yale majani mkononi. Kisha akarudi kumpikia Baba uji. Tangu siku hiyo anaamini humwandikii kwa sababu alishindwa kukukinga, na anaona una haki. Hajawahi kukulaumu. Kila barua yako ikija huniambia nimsomee, na nikifika mwisho bila jina lake husema, “Mwandiko wake umekuwa mzuri.” Mimi nililia jikoni. Sasa nalia tena, nisamehe wino ukichuruzika.

Nimefika kwenye hali yake. Ni moyo. Daktari anapanda ngazi kuja kumwona kila juma, na akishuka hanitazami usoni. Jana nilimbana, akasema tumfurahishe kiangazi hiki, maana majira ya baridi hana hakika nayo. Mama amenikataza nisikuandikie hayo. Anasema mtu asivuke bahari kwa ajili ya jeneza. Mimi nimemvunjia amri, na ukija yeye anigombeze, nitafurahi kugombezwa. Kitanda chake tumekihamishia upande wa dirisha, na cha kwako bado kipo, Horace atatoa redio zake juu yake.

Ikiwa safari haiwezekani, andika. Usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, kwa herufi kubwa, maana anataka kuisoma mwenyewe bila mimi kumsimamia. Usijisumbue kutafuta maneno mazuri. Mwambie umekula nini, mbwa wenu anaitwaje, na mkono ulioungua ulipona vipi. Hilo la mkono ameniuliza zaidi ya mara moja, nami sikuwa na jibu.

Nisalimie sana wifi Ngaire, umshukuru kwa kitambaa cha sufu. Wabusu Leonard na Beryl kwa niaba ya shangazi yao asiyewajua. Shangazi Maud anakusalimu na anasema Percy amenenepa, je, mlimlisha nini? Hata Bi. Tuckett anakusalimu, ingawa anataka ujue kwamba kwa habari ya lile jina hajakubali.

Nimebakiza moja, nalo nilitaka ulisome peke yake.

Nilipomaliza kumweleza Mama, alikaa akishika ule mkono wake uliofungwa kitambaa. Nikamwinamia sikio lake zima, nikamwuliza swali lako polepole, kama ulivyouliza wewe, ili kwa mara ya kwanza alisikie. Nikasema, “Mama, Reuben anauliza unamchagua nani, yeye au mzee?”

Akajibu kabla sijainuka.

“Ningemwambia asimame palepale nikachukue koti langu.”

Mungu wa baharini na nchi kavu akushike mkono, mdogo wangu, popote barua hii itakapokukuta.

Mimi wako nikupendaye siku zote,
dada yako,
Lavinia.