Mama Mkwe Aliionja Kwanza

Sekela, mimba imetoka. Imetoka, mwenzangu! Naandika mbio mbio, Zubery anaisubiri barua hii aje nayo huko kwa lori lake.

Ni ile dawa ya mizizi aliyonichemshia mama mkwe, ya kuongeza damu. Aliionja kwanza yeye mbele yangu, kama tunavyomwonjea mgeni pombe ajue haina sumu.

Aliionja! Haikumdhuru hata kidogo. Nikanywa kikombe kizima.

Damu ikaanza kunitoka. Mama mkwe aliposema kule zahanati kwamba aliionja, dresa aliyekuwa akinitibu akamwuliza, "Kwani wewe una mimba, mama?"

"Mimi? Na uzee huu?" Hapo ndipo akaelewa. Akakaa chini.

Tangu jana anarudia tu, "Lakini niliionja, Damari. Uliniona."

Nilimwona, Sekela.

Asubuhi hii kaniletea uji. Akauonja kwanza, kama kawaida yake. Halafu akaniangalia, na bakuli likamdondoka.