Wiki ya Ziwani Imeangukia Wiki ya Msalaba wa Baba

Dada yangu Tumaini,

Kamwene, dada. Baridi ya Makambako imewaachia, au bado mnauza duka mkiwa na mablanketi mabegani? Goti la mama linaendeleaje? Mimi mwili mzima. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikipiga simu mama hukaa ubavuni pako, na sauti yangu haijui kudanganya. Barua hii anakuletea binti wa Lupembe ninayesali naye huku Kanada. Yeye amepata likizo.

Dada, mimi siji.

Najua mjomba ameshamaliza kujengea kaburi la baba, na ukoo ulipanga wiki ya kuweka msalaba kwa kunisubiri mimi. Bi Helen, mama wa nyumba hii ambaye ninamtunzia baba yake, alinikubalia likizo tangu Pasaka. Kumbe hivi majuzi akiwa mezani na kompyuta yake akapiga kelele za furaha: amepata nafasi kwenye hifadhi moja ya milimani, kando ya ziwa, familia nzima ikalale kwenye mahema. Nafasi hizo watu huzigombea mtandaoni, na aliyoipata ni wiki hiyohiyo.

"Bi Helen," nikamwambia, "hiyo ndiyo wiki ya msalaba wa baba yangu."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amesahau kweli, hakukusudia ubaya. "Jamani, Lusungu! Lakini baba hawezi kwenda bila wewe, na huenda ndiyo mara yake ya mwisho kuliona lile ziwa. Utakwenda kwenu Krismasi. Wewe ni mtu wa familia hii."

Neno hilo ndilo lililonifunga mdomo. Mtu wa familia anaanzaje kudai likizo? Tena kibali changu cha kazi kimeandikwa jina lake. Nikitoka kwake, kukaa kwangu huku kumekwisha, na kile kibali cha kudumu nilichoomba kinafia njiani. Ada za wanao na dawa za mama unajua zinatoka wapi.

Basi kazi ya kupanga safari nikaachiwa mimi. Nimejaribu kusimamisha mahema uani, nimetenga dawa za mzee, nimeambiwa huko kuna dubu wanaonusa mpaka sabuni, kwa hiyo kila kitu kinafungiwa kwenye sanduku la chuma. Wananitisha na baridi ya ziwani, mimi niliyepalilia viazi kule kwetu Kichiwa kwenye ukungu! Mchana nacheka nao. Halafu naingia stoo kukunja mablanketi, nalia kidogo, natoka.

Sasa sikiliza. Huyo baba yake, Mzee Walter, alipigwa na kiharusi upande wa kushoto na haongei sana. Juzi nikimkata kucha akaniuliza, "Baba yako alifanya kazi gani?"

"Alipasua mbao, huko Njombe."

"Alipokufa ulikuwepo?"

"Hapana. Nilikuwa hapa, nakulisha wewe."

Wakati wa chakula cha jioni akaweka kijiko chini mbele ya wote. "Siendi ziwani. Nipelekeni kwenye nyumba ya wazee mpaka Lusungu arudi. Aende akamwekee baba yake msalaba."

Dada, nyumba hiyo anaiogopa kuliko kifo. Kaka yake alipelekwa huko apumzike siku chache, akatolewa kwenye jeneza. Bi Helen hakumtazama baba yake, alinitazama mimi. Baadaye tukiosha vyombo akasema kwa upole kabisa, "Akiweza kukaa kule, Lusungu, itabidi tufikirie kama bado tunahitaji mtu hapa nyumbani."

Nikabaki nimeshika sahani. Mzee akibaki nyumbani, nabaki naye. Akienda ziwani, naenda naye. Akienda kule, sina kazi, na yeye huenda asitoke. Kila nilikogeukia ni ukuta.

Nikaenda chumbani kwake. "Mzee, nakushukuru. Lakini twende ziwani."

"Unanionea huruma mimi, au unawaogopa wao?"

"Yote mawili."

Akageuza uso ukutani. Tangu hapo hasemi nami. Asubuhi ananyoosha tu ule mkono mzima nimvalishe sweta. Sijui kama amekasirika au anaona haya. Kesho kutwa tunaondoka.

Ukishaisoma barua hii peke yako, msomee mama wewe mwenyewe, usimwachie mtu mwingine, na umshike mkono ukisoma. Msalimie mjomba, mwambie Mungu ambariki kwa mikono yake. Wasalimie shangazi wa Lupembe na shemeji yangu, mumeo.

Mwinjilisti naye msalimie. Nawe nakuomba jambo moja. Siku hiyo atawaita watoto wa marehemu mmoja mmoja waweke maua. Nakujua, dada, utataka kunificha aibu. Jina langu likiitwa, usiseme, "Yuko Kanada, hajambo, anawasalimia." Simama wewe, uweke ua langu, na umwambie baba kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba Lusungu alitaka kuja akazuiliwa.

Mdogo wako akupendaye,
Lusungu