Firigisi Aliyokula Bwana Issa

Mama Benadeta, mke wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwanza kabla sijakugombeza, ingawa ukifika mbele utaona kwamba wa kugombezwa ni mimi. Kifua cha mama yangu kimepata nafuu? Najua huko sasa ni ile baridi yetu ya mwezi wa saba, na yeye sweta havai mpaka agombane na mtu. Kitinda mimba wetu Veri ameacha kukojoa kitandani? Na mahindi mmeshayapukuchua, au bado yamelala uani yanangoja panya? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na fundi Helmut anaendelea kunifundisha kazi ya mitambo ya umeme bila uchoyo wowote. Lakini moyo si mzima hata kidogo, na ndiyo maana barua hii siipitishi posta. Yule padri wa kwetu aliyekuwa akisoma huku ng'ambo anapanda ndege keshokutwa. Nitamkabidhi mkononi, na nimeshamwomba aifikishe kwako wewe mwenyewe kabla hajafungua hata sanduku lake la nguo.

Chanzo ni barua ya Benadeta. Ilinifikia Jumanne ya wiki iliyopita, nikaifungua kwa furaha nikiwa bado nimesimama mlangoni na viatu vya kazi. Mwanao ana mwandiko mzuri, Mungu ambariki, kila neno linasomeka. Aliandika hivi: "Baba, Jumapili tulikula kuku. Bwana Issa ndiye aliyetuchinjia. Mama akampa firigisi, akasema ni tamu sana." Kisha akaendelea na habari za hesabu na daftari jipya, lakini hayo niliyasoma siku tatu baadaye, maana macho yalikuwa yameganda palepale kwenye firigisi.

Wewe unajua, mimi najua, na nadhani hata kuku mwenyewe anajua firigisi ni ya nani katika nyumba. Ni ya baba mwenye nyumba. Nilipoondoka niliacha nguo zangu, baiskeli yangu na kiti changu cha kamba, na sikujua kwamba nafasi yangu kwenye bakuli nayo nimeiacha wazi. Tena mtu akachinja kuku wangu uani kwangu, akanawa mikono, akaketi, akaletewa sahani, akatafuna, na akapata nafasi ya kusema ni tamu. Nani alimuuliza?

Najua utaniambia kwamba Bwana Issa nilimleta mwenyewe. Kweli. Kwa mdomo wangu huu nilimpangisha chumba cha mbele mwezi ule wa kuondoka, nikasema nyumba isiyo na sauti ya mwanaume huibiwa. Nilimwona mtu mzima wa Tunduru, mwenye swala zake tano, mnunuzi wa mahindi kama hawa wengi waliozuka tangu biashara iwe huria, nikasema huyu atakuwa njiani na lori lake kila siku. Sikumwangalia vizuri. Nilipoanza kumkumbuka huku ndipo nilipoona kwamba ni mrefu, kwamba Ijumaa anavaa kanzu iliyopigwa pasi na kunukia, na kwamba anacheka polepole kama mtu asiye na haraka ya kuondoka.

Sasa nisikilize, hapa ndipo nilipokosea. Jumatano nilikaa nikamwandikia Kaka Winfrid kule kijijini. Nilimwagiza mambo matatu. Afike nyumbani kwetu Ruhuwiko amtoe Bwana Issa chumbani siku hiyohiyo. Aite kikao cha ukoo, wazee wote wa upande wetu. Halafu akukalishe mbele yao, uulizwe ni lini mpangaji alianza kula firigisi ya mume wako. Niliandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi, na Alhamisi asubuhi nikaitumbukiza posta.

Alhamisi hiyohiyo Helmut na mkewe Ingrid walinichukua twende nao mapumziko ya siku nne. Walikuwa wameniahidi tangu baridi kali, nami nikaona haya kukataa. Upande huu wa kaskazini kuna maziwa mengi sana, si moja kubwa kama letu la Nyasa, ni madogo madogo yaliyounganishwa na mifereji, ukitoka hili unaingia lile. Watu hukodi boti ambalo ni nyumba kamili. Lina vyumba viwili vya kulala, jiko la gesi, choo, meza, mapazia, hata sanduku la maua dirishani. Mwenye boti alimwonyesha Helmut usukani kwa muda wa kunywa chai kikombe kimoja, kisha akashuka akatuacha. Nikasema moyoni, kwetu hata baiskeli ya kukodi hupewi kirahisi hivi.

Ni kuzuri, mke wangu, siwezi kusema uongo. Boti linakwenda taratibu, mtu anayetembea ukingoni anakupita. Matete pande zote mbili, misonobari nyuma yake, ndege weupe wenye shingo ndefu wanakuja mpaka dirishani kuomba mkate. Helmut anaendesha na mkono mmoja, mwingine umekaa begani kwa mkewe. Wana miaka thelathini ya ndoa, na bado mkono hautoki begani! Mimi nimekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, nawatazama, na wivu unanipanda. Nilidhani nitauacha nchi kavu, kumbe wivu hupanda boti bila nauli.

Kila ziwa tulilopita nilikuona wewe. Tena si peke yako. Nilimwona Bwana Issa amewapakia wote kwenye lori lake, wewe umekaa mbele, mnateremka ziwani Mbamba Bay kula mbasa wa kuchoma. Nilimwona anakuchagulia samaki mnono. Nilimwona anamtoa Veri mwiba. Hakuna aliyeniandikia habari hiyo, nimeitunga mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, na bado niliikasirikia mpaka Ingrid akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Ijumaa mchana tukafika kwenye mlango wa maji. Nikueleze ulivyo. Ziwa moja liko juu, linalofuata liko chini, na katikati kuna chumba cha kuta ndefu za zege chenye mageti mbele na nyuma. Boti linaingia, mageti yanafungwa, maji yanapunguzwa, nalo linashuka nayo mpaka lilingane na ziwa la chini. Wakati wa kushuka unazungusha kamba kwenye nguzo iliyo juu ukutani, unashika ncha yake mkononi na kuilegeza kidogo kidogo. Helmut alinionya mara mbili: shika, usifunge. Nikaitikia vizuri kabisa.

Basi juu ya ukuta walisimama watu wakitazama maboti. Mmojawao ni bwana mrefu mwenye shati refu jeupe, anamlisha mama mmoja aisikrimu kwa kijiko. Alimlisha, akacheka polepole. Mama Benadeta, mikono yangu ikaacha kunisikiliza. Nilipiga fundo, lile la kufungia mbuzi, nikalikaza na nikalirudia.

Maji yakashuka, boti upande wa nyuma likabaki juu limening'inia. Nilisikia sahani zinateleza, kisha birika, kisha Ingrid mwenyewe akaanguka akajigonga paji la uso kwenye kabati. Nilivuta fundo halikufunguka, limekazwa na uzito wa nyumba nzima. Helmut alikuja mbio na kisu cha mkate akaikata kamba, tukatua majini kwa kishindo, na maji yakaingia mpaka kwenye vitanda. Yule mwenye aisikrimu aliniangalia kwa huruma, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Tulipotoka tukatia nanga kwenye matete. Helmut hakunigombeza, alikuwa anakamua magodoro tu. Ingrid aliketi mbele yangu, kitambaa cha barafu kwenye paji la uso, akaniuliza nilikuwa wapi wakati ule, maana kwenye boti sikuwapo. Nikaona mtu niliyemtoa nundu hastahili uongo. Nikamweleza yote, barua ya mtoto, Bwana Issa, barua ya kaka. Neno la firigisi kwa lugha yao sikulijua, nikamchorea kuku kwenye karatasi ya mkate na kumwonyesha mahali inapokaa. Helmut akasema kwao hiyo hupewa paka. Nilikasirika upya.

Ingrid hakucheka. Aliniuliza nyumbani kwangu wanaishi akina nani. Nikamwambia mama yangu, mke wangu, na mabinti wawili. Akauliza, wanawake tu? Nikasema ndiyo, pamoja na huyo mpangaji. Akauliza kama kwetu mwanamke anaruhusiwa kula hicho kitu. Nikamjibu haraka, tena kwa fahari, kwamba haruhusiwi kabisa.

Akasema, "Sasa mkeo angempa nani?"

Mama Benadeta, nilitazama maji. Nikaikumbuka Pasaka ile kabla sijaondoka, Benadeta alipoidokoa firigisi kwenye sufuria, nami nikamzaba kofi mbele ya wageni, nikasema mwanamke hali firigisi, akikua atamdharau mumewe. Wewe ulikuwa unapakua wali, ukaendelea kupakua. Sasa nyumba nzima imebaki na mwanaume mmoja tu, umechemsha kuku, sheria ya mumeo unaijua. Ulifanya kama nilivyokufundisha. Kuchinja nako ni vilevile, ni mimi niliyesema mwanamke hashiki kisu cha kuchinja. Nimekushtaki kwa wazee kwa kosa la kunitii.

Usidhani nimetakasika. Wivu ungalipo, umepunguza makelele tu. Bado nataka kujua kama anakalia kiti changu cha kamba, na kama Ijumaa anapita uani wakati wewe unafua. Bado naona hakukuwa na haja ya kusema ni tamu. Nakuambia ili ujue mumeo ni mtu wa namna gani, maana kwa barua huwa najifanya mpole. Siku mbili zilizobaki sikufaidi ziwa lolote. Kila tulipopata kijiji nilishuka kutafuta simu, nikapiga ofisi ya parokia yetu huko mara tano, laini haikushika. Tulirudi juzi, na jana nilikwenda posta kuomba barua yangu, yule dada akaniambia imeshaondoka, na kwamba hata ingekuwapo asingenipa.

Kwa hiyo sijui ipi itatangulia, ile au hii. Kama hii imetangulia, mpe Kaka Winfrid aisome akifika, umpe na chai, arudi kijijini salama. Bwana Issa akae chumbani kwake. Na kuku mkichinja tena, firigisi mgawie Benadeta, mwambie baba yake amesema aile yote na ni haki yake.

Lakini kama ile imetangulia, kama umeshakalishwa mbele ya wazee na kuulizwa, usiwajibu tena neno lolote. Mwambie kaka awaite upya, walewale, asipungue hata mmoja. Asimame aisome barua hii kwa sauti, asiruke mstari, hata pale penye kofi, hata pale penye aisikrimu. Wakicheka wacheke. Nimekushtaki mbele ya watu, siwezi kuja kukuomba msamaha chumbani.

Mama yangu mpe shikamoo, na umvalishe sweta. Kaka Winfrid nisalimie kwa heshima, yeye hana kosa, alitumwa na mdogo wake mjinga. Shemeji yangu mwalimu, mdogo wako, mwambie kamusi aliyonipa inanisaidia, ila ndani yake hamna firigisi. Watoto wote wawili wabusu, na Benadeta umwambie aendelee kuniandikia kila kitu anachokiona, asifiche.

Msalimie na mpangaji wetu, Bwana Issa. Ila usimsalimie sana.

Ni mimi mumeo,
Otmari