Siku Tuliyopima Spika za Baba Deo

Jumatano, mwezi wa saba. Ukungu umekaa leo mpaka chai ya pili, Mbinga yote kama imefunikwa blanketi. Nimevaa masweta mawili na moyo una raha. Kaa vizuri, shajara, nina la kusema.

Kama mtu ndo mara ya kwanza ananisoma: Baba Deo ni mume wangu, na kile chumba chetu cha magunia ya kahawa amekigeuza studio. Vyombo kanunua kimoja kimoja, tangu wanunuzi binafsi walipoanza kuifuata kahawa yetu mpaka mlangoni. Kutani kabandika magodoro yetu ya zamani. Anarekodi kwaya. Kigonsera wamekuja, Litembo wamekuja.

Sasa kwaya ya parokia yetu wenyewe wakamrudishia kazi. Mwalimu wa kwaya alisema kwa adabu kabisa, eti soprano wanasikika peke yao, alto kama waliachwa nyumbani. Akasema watampa nafasi moja tena, ikishindikana wanaenda Songea. Siku hiyo Baba Deo ugali aliuangalia tu. Wakienda hao, anasema, na wengine watafuata, na chumba kitarudi kuwa cha magunia.

Basi fundi mmoja wa Songea akamwelekeza kwenye simu. Huenda spika hazilingani. Unapiga mlio mmoja wa shhhh, hauna wimbo hauna nini, spika moja moja. Unapima na simu pale unapokaaga, unazungusha kitufe cha sauti mpaka namba zifanane. Na usifungulie sauti kubwa ukiwa kazini. Iwe kiasi kwamba mtu aliyekaa pembeni akikupa habari, unamsikia bila yeye kupaza.

Hapo ndo nikaielewa kazi yote. Kumbe studio inapimwa kwa umbea.

Jana mchana tukaanza. Yeye kitini, mimi nyuma yake na simu. Akapiga huku, akapiga kule, akazungusha kwanza kwa kusikiliza mwenyewe, akasema tayari, zimelingana kama mapacha. Nikasoma namba. Ya kushoto imepanda mbali, ya kulia iko chini. Akasema simu yangu mbovu. Tukachukua yake, nayo ikasema vilevile. Akaanza kununa.

Akawasha spika zote mbili pamoja asikilize tena. Ndo akaingia jirani yangu Mama Neema, kapitia mlango wa jikoni kama kawaida yake.

"Dada, bomba lenu limepasuka huko ndani?"

Nikaanza kumweleza, na mimi nikianza unajua. Baba Deo akageuza kiti atunyamazishe. Mdomo ukabaki wazi.

"Umegusa nini?"

Sijagusa kitu. Akageukia spika, akasema zimelingana. Akatugeukia sisi, akasema moja inamfokea. Akageuka tena. Akarudi tena. Kile kiti kililia kama mbuzi.

Spika hazikuwa na kosa. Ni sikio lake la kushoto, halisikii vizuri; akigeuka, ile spika aliyoipandisha inaangukia sikio zima.

Nikakumbuka ile mashine ya kukoboa aliyofanyia kazi ujana wake wote. Injini ilikuwa upande huo huo. Kumbe soprano, ambao kawapanga kushoto, kila siku alikuwa anawaongeza ndo awasikie. Alto masikini wakazama.

Mama Neema akasema yeye hajaona kitu wala hajasikia kitu, akaenda zake. Nilimwonea huruma. Najua uzito aliotoka nao pale mlangoni.

Baba Deo akazima kila kitu. Akakaa na mikono mapajani.

"Mama Deo, mpigie mwalimu. Waende kwa mtu mwenye masikio mawili."

Nilisikia vibaya, sitadanganya. Lakini kwangu huruma hutokea kwa mlango wa maneno makali.

"Jumapili yule wa besi alipokosea, nani aligeuka kabla hata hajafunga mdomo? Hilo moja lako linamshinda mwalimu na mawili yake. Washa mitambo, mimi nasoma namba."

Akaniangalia weee. Kisha akawasha.

Mimi nikawa nasoma, yeye anazungusha, kidogo, rudi, kidogo tena, mpaka simu ikasema sawasawa pande zote. Nikaleta rangi yangu ya kucha, ile nyekundu ya harusi za watu, nikatia alama kwenye kila kitufe ili kikihama tujue. Halafu akaanza kupanga sauti upya. Anasikiliza akiwa ametazama mbele, anageuka anasikiliza kinyumenyume, halafu ananiuliza mimi kushoto kukoje. Nikimwambia soprano wamezidi, anapunguza bila kubisha. Baba Deo huyu! Bila kubisha.

Leo mwalimu wa kwaya kaja. Kabla hajakaa, mume wangu akamwambia mwenyewe habari ya sikio. Mimi nilikuwa nimeshika birika, ulimi nimeuuma. Mwalimu akasikiliza wimbo wote ameinamisha kichwa. Akaomba urudiwe.

"Leo alto wamekuja," akasema. Na akamwachia kazi ya nyimbo zote zilizobaki.

Ijumaa tunapanda Litembo hospitali wakamwangalie. Haya yote ninayoandika kaniruhusu. Kasema andika tu, nikinyamaza mimi, Mama Neema atapasuka.

Jambo moja limenijia jioni hii nikitandika kitanda. Mimi nalala kushoto kwake. Tangu tuoane. Habari zote za kata hii nimelimwagia sikio lile, nikijibiwa "mh", nikidhani mume wangu ni mtu wa siri. Ya dada yake pia nimeyasema mle, kwa uhuru wote.

Nikauhamisha mto wangu kulia. Akauona. Akacheka mpaka akakohoa, akauchukua, akaurudisha kushoto.

"Usiku niache nilale, mama. Ya sikio la kulia utaniambia kwenye chai."

Nimekubali. Kesho naamka mapema, maji ya chai nayateleka kabla jogoo hajawika, maana ana habari za miaka mingi za kusikia. Ila ya dada yake nadhani nitayaruka.